Vipuli vya vigae: kisa cha msimu mmoja wa kusi, Langoni

Picha yenyewe ni nzuri, na uzuri wake ndio uliomponza dada yangu. Jozi sita za vipuli zimepangwa juu ya ukuta wa matumbawe uliobomoka, kule Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda. Jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya mibuyu na fedha inang'aa bila kuumiza macho. Chini ya ukuta, mchangani, vimelala vigae vitatu vya vyombo vya kale: kimoja cha kijani kilichofifia, viwili vyeupe vyenye michirizi ya buluu. Pembeni inachungulia ncha ya kandambili yake. Chini ya picha aliandika: "Vigae vya miaka mia tano, sasa masikioni mwako."

Maneno hayo manane yalimletea oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Wiki moja baadaye yalimletea mzee mlangoni.

Mwenye kisa ni mtoto wa mama yangu mkubwa, kwa hiyo ni dada yangu. Amekubali niandike kila kitu isipokuwa jina lake. Mimi kazi yangu ni kuandika hesabu za vyama vya akina mama hapa Lamu, na daftari lake la msimu wa kusi wa mwaka 2025 ninalo mbele yangu, kurasa zimejikunja kwa unyevu na ukurasa wa Julai una doa la chai. Nimelisoma mara nyingi. Kila nikilisoma naona kosa lake halikuwa mkononi; kazi ya mkono wake haina dosari. Alichokosea ni kutojali kitu kimoja ambacho mnunuzi wa kazi ya mkono hulipia hata asipokitaja: kimetoka wapi.

Kwanza msimu wenyewe. Mvua za masika zikiisha, kusi huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka, na Juni mji huwa hauna wageni. Dada huutumia mwezi huo kufuma. Alifundishwa na mamake, sindano mbili na kulabu zote anaziweza. Mtu wa mbali atauliza nani anavaa sufu Lamu. Jibu ni watoto wachanga. Joto liwe liwavyo, mama mkwe hatakubali mjukuu atolewe nje ya arubaini bila mavini kichwani, soksi miguuni na shali ya kumfunika. Kwa hiyo ana seti yake ya arubaini ya vitu hivyo vitatu, ya uzi wa pamba laini, maana sufu ya dukani humwasha mtoto na kumtoa vipele. Seti moja inamchukua saa 14 na uzi wa shilingi 450, naye anaiuza 1,500. Watoto huzaliwa kusi na kaskazi, kwa hiyo oda hazikauki. Ila mwenyewe hazithamini. Kwake kufuma si biashara, ni kitu anachofanya huku anazungumza.

Moyo wake uko kwenye fedha. Mjombake alikuwa sonara, na tangu utotoni alikaa miguuni pake akishikilia koleo. Mjomba alipenda kuhadithia jinsi masonara wa zamani walivyoyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780 usiobadilika hata zilipopigwa chapa miaka mingi baadaye, zenye fedha sehemu 833 kwa elfu. Siku hizi dada ananunua fedha ya 925, ambayo asilimia 7.5 yake ni shaba. Hagusi ile "fedha ya Kijerumani" ambayo ni shaba, zinki na nikeli tupu, haina hata chembe ya fedha, na masikio ya baadhi ya watu huivimbia.

Nimekaa naye akitengeneza kipuli, na ningependa wanaobishania bei wakae naye pia hata mara moja. Kigae hukichonga kwa tupa, kisha hukisugua juu ya jiwe la kunolea huku akikimwagia maji, kwa sababu vumbi la kaure si la kuvuta kifuani. Kikishapata umbo la yai au la kucha, hukizungushia ukanda mwembamba wa fedha kuchukua kipimo. Hapo ndipo mwanagenzi huharibu, akitaka kulehemu ukanda na kigae kikiwa ndani; moto hukipasua. Yeye hukitoa, hulehemu ukanda kwenye kitako kikiwa kitupu, huacha kipoe, hukisafisha, ndipo hukirudisha kigae na kuubana ukanda juu ya kingo zake pole pole, kwa kuzunguka, kana kwamba anafunga mdomo wa kifuko. Ukisikia "tk" ndogo umeharibu kazi ya saa tatu.

Kwa daftari lake, jozi moja ilikula saa tatu na vifaa vya shilingi 700, akaiuza 2,500. Piga hesabu upesi upesi utaona shilingi 600 kwa saa, na kufuma shilingi 75 kwa saa. Ndivyo alivyopiga yeye, akaamua Julai na Agosti, miezi ya wageni wa Ulaya na ya likizo za watu wa bara, hatashika uzi.

Nilipompigia hesabu upya hakufurahi. Kuanzia Julai hadi katikati ya Agosti alitengeneza jozi 31, akauza 12. Mapato shilingi 30,000. Vifaa vya jozi zote 31, shilingi 21,700. Zilizobaki ni 8,300, na saa alizofanya ni 93. Hiyo ni shilingi 89 kwa saa. Pesa aliyovuna kwa kipaji cha mjomba ilikuwa inazidi ile ya soksi za watoto kwa shilingi 14 kwa saa.

"Lakini zile kumi na tisa zipo," aliniambia. "Fedha haiozi, mdogo wangu."

Kweli haiozi, japo kwa hewa yetu ya chumvi hupiga weusi. Lakini nayo hailipi kodi ya nyumba ikiwa ndani ya mkebe.

Kitu chake cha tatu, baada ya uzi na fedha, ni picha, nazo alizianza kwa kujifurahisha. Wanawake wanne, kila Jumamosi alfajiri, simu tu, hakuna kamera. Walikwenda Shela kwenye vilima vya mchanga kabla upepo haujaufuta mchoro wa usiku. Walikwenda Matondoni kupiga majahazi yakichongwa na akina mama wakisuka mikeka. Huko Matondoni bibi mmoja aliomba aoneshwe picha aliyopigwa, akaitazama, akasema uso wake si wa kutembea kwenye simu za watu. Dada aliifuta palepale mbele yake, akaomba radhi. Nalitaja hili kwa kuwa lina maana kwa yaliyofuata: alijua vizuri sana kwamba picha ina mwenyewe. Na alikuwa amejifunza kupiga. Alijua kwamba mitaa yetu myembamba mchana ni giza na moto kwa pamoja, na kwamba ukuta uliopakwa chokaa ukiwa mkabala ni taa bora kuliko taa yoyote. Alijua pia fedha haipigwi juani moja kwa moja, unatanda leso nyeupe juu yake kwanza. Punda tu ndio hakuwaweza. Punda wa Lamu anajua simu ikitolewa, hugeuza matako.

Takwa walikwenda Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Mashua haifiki huko ila maji yakijaa, unapita mlangoni mwa mikoko na nahodha anakuhesabia muda, maana maji yakitoka mtabaki matopeni. Kwa hiyo walikuwa na saa moja na nusu tu, na haraka hiyo imo ndani ya kisa. Alipanga vipuli ukutani, akapiga. Akaona vigae chini, akasogea nyuma ili viingie. Akapiga tena. Halafu, akijua hakuna anayemtazama isipokuwa rafiki zake ambao nao walikuwa wanatazama simu zao, akaviokota vyote vitatu, akavifunga kwenye pembe ya leso.

Angalia vizuri picha inasema nini. Zile jozi sita za vipuli zilizo juu ya ukuta hazikutoka Takwa. Vigae vyake vilitoka Langoni, mtaa wa hapa Lamu, kwenye nyumba ya jirani iliyokuwa inakarabatiwa. Vigae vya Takwa viko chini mchangani na havijawahi kuwa kipuli cha mtu. Picha haikudai zaidi ya hapo. Aliyeunganisha huku na huku ni yeye, kwa maneno manane, na nadhani wakati anaandika hakuona kama anadanganya. Aliona anapamba.

Mwenye duka la zawadi Nairobi akaiona. Alitaka jozi 20, "za magofuni tu", kwa shilingi 3,500 kila moja, elfu moja zaidi ya bei ya dada. Alituma nusu siku hiyohiyo kwa simu, shilingi 35,000. Kufikia Jumatano dada alikuwa ameshatumia 21,000: fedha, kulabu za masikioni, gesi ya kulehemu.

Alhamisi baada ya Alasiri mzee akapiga hodi. Namfahamu, ni wa mtaani, mtu wa maneno machache. Ujanani alifanya kazi ya kuchimba na kuosha vigae kule Shanga, kisiwa cha Pate, wakati Mark Horton na wenzake walipokuwa wanafukua mji huo miaka ya 1980. Dada alimwamkia, akamwekea kiti. Mzee hakukaa.

"Mwanangu, hini picha umepiga wewe?"

"Ni mimi, ami."

"Na hivi vigae viko wapi sasa?"

Dada anasema angeweza kumjibu vimebaki kulekule. Akanyanyuka, akaleta leso.

Aliyosema mzee nayaweka kwa maneno yangu, kwa sababu dada alinisimulia akilia na hakunisimulia kwa mpangilio. Kigae kikiwa mahali pake, alimwambia, ni tarehe. Shanga walipoteremka tabaka kwa tabaka, misikiti ikiwa imejengwa mmoja juu ya mwingine kurudi nyuma hadi karne ya 8, vigae ndivyo vilivyowaambia wako karne gani, kwa sababu wanaojua vyombo vya Uchina na vya Ghuba wanajua kila aina ilitengenezwa lini. Kigae hichohicho kikiwa ndani ya leso yako ni kipande cha sahani tu. Akamwambia pia kwamba Takwa si mahali pasipo na watu. Mji ulihamwa karne ya 17, lakini Shela wapo wanaohesabu asili yao huko, na hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda kuomba kwenye kaburi lile lenye mnara.

Halafu sheria, ambayo mzee aliijua na sisi wawili, kwa aibu yetu, hatukuijua. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ni kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa vitabu na nyaraka, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kitu hicho hakihamishwi wala hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Haisemi kiwe kizima. Haisemi kiwe na thamani.

Mzee alipoondoka dada alinipigia simu. Usiku ule tulikaa barazani na njia alizoziona zilikuwa tatu. Nazieleza kwa kuwa watu niliowahadithia wamegawanyika, na wengi wao, nasikitika kusema, wako kwenye njia ya pili.

Ya kwanza ilikuwa kunyamaza, kurudi Takwa kimyakimya, kuokota vya kutosha jozi 20. Hiyo aliitupa mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Ya pili ilikuwa kutimiza oda kwa vigae vya Langoni na kumwacha mnunuzi aamini anachotaka. "Nani atajua?" aliuliza. Macho hayatajua, ni kweli. Kigae cheupe chenye buluu ni kigae cheupe chenye buluu. Lakini mnunuzi alikuwa analipa 2,500 kwa kipuli na 1,000 kwa jina la Takwa. Ukimpa kipuli bila Takwa umemwibia 1,000 mara ishirini, na kila mgeni atakayekinunua dukani kwake atarithi wizi huo. Kwangu njia hii ni mbaya kuliko ya kwanza. Yule wa kwanza angalau anauza anachosema anauza.

Ya tatu ni kusema. Alisema, Ijumaa asubuhi, kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao aliurekodi mara tano. Alimwambia mnunuzi vipuli havikutoka magofuni, na hata vingetoka asingeviuza, na akampa vya Langoni kwa bei yake ya kawaida. Mnunuzi alikasirika na kufuta oda nzima, akataka 35,000 yake kufikia mwisho wa Septemba. Simlaumu. Mkononi zilikuwepo 14,000. Deni likabaki 21,000.

Hapo ndipo soksi za watoto zilipomsitiri. Alirudi kwenye sindano akafuma seti 11 za arubaini ndani ya wiki tano, saa 154, nyingine akifuma jioni akiwa amelala ubavu kwa maumivu ya mgongo. Faida ya uzi ikawa 11,550. Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, ulikuwa umeshaingia mwishoni mwa Agosti, na Septemba wageni wa Maulidi wakafika, akina mama wa Mombasa na Malindi, akawauzia jozi nne kutoka kwenye zile 19 za mkebeni kwa 2,500. Jumla 21,550. Deni likaisha na zikabaki 550, akanunua uzi. (Wageni wengi wa Maulidi walikuwa wanatafuta kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono. Kofia hizo ni kazi ya miezi, na dada hazishoni. Waliomuuliza walikuwa wengi kiasi kwamba siku ya tatu aliandika kwenye kadibodi: "Kofia hakuna.")

Hizo jozi nne hakuzichagua hivihivi. Mzee alirudi, safari hii akakaa, wakamwaga mkebe juu ya mkeka wakachambua kipande kimoja kimoja. Hapa nilijifunza jambo. Sehemu kubwa ya vigae vya nyumba ile ya Langoni ilikuwa ya bakuli za Maastricht, Uholanzi, vile vyombo vya maua mekundu na buluu vilivyojaa pwani hii enzi za mabibi zetu. Kigae chenye chapa ya mgongoni ni rahisi kukisoma. Jina la nchi lilianza kuandikwa sana kwenye vyombo baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 kulazimisha hivyo, na pakiwa na maneno "Made in" kwa kawaida ni cha karne ya 20. Hicho ni halali yako. Visivyo na chapa vilikuwa shida zaidi. Kimoja kilikuwa na chokaa nene upande mmoja, na mzee alikishika muda mrefu. Alisema kinafanana na kaure zilizopachikwa sakafuni mwa birika, lile tangi la maji linalojengwa ndani ya nyumba, ambamo samaki wadogo walibaki na maji ya kuishi hata birika likipungua, wakala viluwiluwi vya mbu. Birika la nyumba ile lilijengwa lini, hakuna aliyejua. Akakiweka kando. Kati ya jozi 19, 11 zilipita na nane ziliwekwa kando, na hizo nane hadi leo hazijauzwa. Kwa daftari ni shilingi 5,600 za vifaa zilizolala. Nimemwambia azing'oe vigae na kuiyeyusha fedha. Hataki.

Vile vitatu vya Takwa walivipeleka makumbusho, yeye na mzee, asubuhi moja. Alitegemea kugombezwa. Aliyewapokea aliuliza swali moja: vilikuwa wapi hasa? Dada akatoa simu. Picha ile ile. Ukuta unaonekana, kidaka kilichobomoka kushoto kinaonekana, vigae viko vilipolala kabla havijaguswa, na ncha ya kandambili, saizi ya 38, ikawa kipimo. Afisa akaikuza kwa vidole viwili, akaomba atumiwe ile ya asili isiyokatwa. Maneno manane hakuyaomba.

Dada aliyafuta mwenyewe siku ile. Siku hizi kila kigae kikiingia nyumbani kwake kinapata namba, picha na mstari mmoja daftarini: nani kakileta, kutoka nyumba gani, kina chapa au hakina. Nilimwomba aongeze safu ya saa, ili tujue mwakani fedha inalipa kuliko uzi au hailipi. Safu nimeichora mimi kwa rula. Hajaijaza.

Mwezi uliopita nilimkuta mzee nyumbani kwa dada, ameshika kipande cha sahani ya maua mekundu kilichofungwa kwenye karatasi ya andazi. Alitaka pete ya mjukuu wake anayeolewa. Dada alikipokea, akakigeuza mgongoni, akavuta daftari.

"Ami, umekitoa wapi?"

Mzee alimtazama, akanitazama mimi, kisha akavuta kiti. "Andika," alisema. "Sahani ya mamangu. Nimeivunda mwenyewe, utotoni, nikapigwa."